Seremala Hakuomoka kwa Randa

Mwaka nilioacha chuo, shangazi alinilipia kiingilio cha semina ya vijana. Nilikuwa nimekwama mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, lakini nyumbani ilisemekana nimekosa bidii, na semina ndiyo ilikuwa dawa. Mnenaji alivaa suti ya kubana na viatu vyenye ncha. Alitusimulia kuhusu Mholanzi mmoja, fundi seremala, aliyefika Amerika wakati wa ukoloni akiwa na kisanduku cha vifaa tu, akafa akiwa tajiri namba moja New York. "Yeye alikuwa na nyundo," akasema. "Wewe uko na simu, uko na intaneti. Kisingizio chako ni gani?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Halafu nikarudi keja kwa miguu, kwa sababu nauli niliyokuwa nayo ilikuwa ya kwenda tu, nikijichukia njia nzima.

Hiyo ndiyo kazi ya hadithi za aina hii. Hazikufundishi kupata pesa. Zinakufundisha kujilaumu kwa kuzikosa, na kumheshimu aliyezipata bila kumuuliza swali hata moja.

Sasa, mtu akiacha chuo huwa na muda mwingi na hasira nyingi. Nikanunua bando, nikaanza kumtafuta huyo seremala. Mnenaji hakutaja jina, lakini maelezo yake yanamfaa mtu mmoja: Frederick Philipse, ambaye Waholanzi wenzake walimjua kama Flypsen. Alikuwepo. Alikuwa seremala kweli. Alitajirika kweli, tena sana. Uongo wote umejificha kwenye kale kaneno kadogo: tu. Kisanduku cha vifaa tu. Nimekaa na maisha ya huyu jamaa kwa miezi kadhaa, na ninachotaka kusema ni kwamba ukitoa hiyo "tu", hadithi nzima inaanguka.

Tuanze na kisanduku chenyewe. Philipse alizaliwa mwaka wa 1626 mjini Bolsward, katika jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Kufikia miaka ya 1650 alikuwa New Amsterdam, kamji kadogo kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, akifanya kazi ya useremala. Lakini hakuwa akizunguka mitaani akiuliza nani ana kazi. Alikuwa seremala wa Kampuni ya West India ya Uholanzi. Kampuni hiyo, iliyoundwa 1621, haikuwa duka. Ilikuwa na meli za kivita, ilikuwa na askari, ilikuwa na haki ya kupigana vita na kutawala watu. New Amsterdam yenyewe ilikuwa mali yake, na Peter Stuyvesant, aliyeutawala mji huo kuanzia 1647, alikuwa mwajiriwa wake. Kwa hivyo kijana wetu hakuanza na sifuri. Alianza na mshahara wa kampuni iliyokuwa serikali, ikilindwa na mizinga ya kampuni hiyohiyo. Hapa kwetu mtu wa namna hiyo hatumwiti hustla. Tunasema ana kazi, tena kazi ya ndani.

Na mji ulikuwa unajengwa. Nyumba, gati, maghala, meli za kukarabatiwa, ukuta wa mwaka 1653 ambao barabara ya Wall Street imerithi jina lake: kila kitu kilitaka mbao na mtu wa kuzikata. Ni nani alikuwa akizikata? Hapa ndipo nilipoanza kukasirika vizuri.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1620 Kampuni ilileta Waafrika New Amsterdam na kuwafanya watumwa wake. Wao ndio waliofyeka msitu, wakakata miti, wakajenga ngome, wakatengeneza barabara. Majina ya baadhi yao yamebaki kwenye makaratasi: Paulo d'Angola, Simon Congo. Ukitaka kujua walitoka wapi, angalia majina. Februari 1644 watu kumi na mmoja kati yao, baada ya kuitumikia Kampuni karibu miaka 18, walipewa kitu ambacho wanahistoria wanakiita nusu uhuru. Walipata vipande vya ardhi nje ya mji, upande wa kaskazini, mahali ambapo adui akija atawakuta wao kwanza. Kila mwaka walitakiwa kulipa nafaka na nguruwe aliyenona. Kampuni ikiwahitaji, waende. Na watoto wao, waliozaliwa na ambao bado hawajazaliwa, wabaki mali ya Kampuni.

Soma hiyo ya mwisho tena. Mtu amejenga mji miaka 18, anapewa uhuru ambao hawezi kumwachia mtoto wake.

Upande wa pili, mwaka wa 1657 New Amsterdam ilianzisha haki ya uraia wa mji, ile iliyomruhusu mtu kufungua biashara au kufanya ufundi wake. Haki ndogo iligharimu gilda 20, kubwa gilda 50. Mzungu fundi alilipa, akaandikwa, akaendelea na maisha. Huo ndio mwanya ambao Philipse alipitia. Sisemi alizembea, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtu alipiga kazi. Lakini Simon Congo pia alipiga kazi, mjini humohumo, na jasho la mmoja lilihesabiwa kuwa mtaji huku jasho la mwenzake likihesabiwa kuwa deni. Mnenaji wetu angemwambia nini Simon Congo? Aamke saa kumi alfajiri?

Twende hatua ya pili. Seremala anakuwaje mfanyabiashara? Kwenye semina hapo huwa kuna neno "maono". Kwenye maisha ya Philipse hapo kuna mwanamke.

Margaret Hardenbroek alifika New Amsterdam mwaka wa 1659 akiwa wakala wa jamaa yake mfanyabiashara huko Uholanzi. Alikuwa akiuza bidhaa, akinunua manyoya, akidai wadeni wake mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Sheria ya Waholanzi ilimruhusu mwanamke kufanya hayo, hata akiwa ameolewa. Mume wake wa kwanza, Pieter de Vries, naye mfanyabiashara, alifariki 1661 na kumwachia mali. Mwaka uliofuata akaolewa na seremala wa Kampuni. Yaani Philipse aliingia kwenye nyumba iliyokuwa na biashara, wateja na uhusiano wa kuvuka bahari tayari. Margaret hakukaa nyumbani akimpikia mwenye maono. Mwaka wa 1679 alikuwa yeye mwenyewe ndani ya meli yao, Charles, akivuka Atlantiki na shehena yake. Msafiri mmoja aliyekuwa humo, Jasper Danckaerts, aliandika kwa uchungu jinsi mama huyo alivyokuwa mchoyo: ufagio wa kupiga deki ulianguka baharini, na safari ikasimamishwa, mashua ikashushwa, watu wakaenda kuutafuta.

Simtetei Margaret. Pesa zake na za mumewe zilinuka namna moja, na tutafika huko. Ninachosema ni kwamba alifutwa. Mwaka wa 1664 meli za Waingereza zilitokea bandarini, Stuyvesant akasalimu amri, mji ukabadilishwa jina kuwa New York. Pamoja na bendera ikaja sheria ya Kiingereza, ambayo mwanamke aliyeolewa mbele yake alikuwa kama kivuli cha mumewe. Mali ambayo Margaret aliijenga ikaanza kusomeka kwa jina la Frederick. Naye Frederick akala kiapo kwa mfalme wa Uingereza na kuendelea kuuza. Katika orodha ya kodi ya mwaka 1674 alikadiriwa kuwa na gilda 80,000, kiwango kilichompita kila mtu mjini. Miaka kumi na miwili baada ya ndoa! Watu wanaita hiyo hadithi ya mtu aliyejitengeneza. Mimi naona mtu aliyetengenezwa, halafu aliyemtengeneza akafutwa kwenye risiti.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe. Kama una kitu kwenye jiko, zima kwanza.

Mwaka wa 1685 meli ya Charles, hiyohiyo ya ufagio, ilibeba watu kutoka Soyo, karibu na mdomo wa Mto Kongo. Wengi wa waliofika hai waliuzwa Barbados. Waliobaki walipelekwa New York. Lakini biashara ya Afrika Magharibi ilikuwa na mwenyewe: kampuni ya Kiingereza yenye kibali cha mfalme ilidai pwani hiyo ni yake peke yake. Philipse akatafuta njia ya panya. Akazunguka bara zima, akaja upande wetu, Bahari ya Hindi.

Pwani ya kaskazini-mashariki ya Madagascar kuna kisiwa kiitwacho Sainte-Marie. Mwaka wa 1691 mtu mmoja aitwaye Adam Baldridge alifungua kituo cha biashara hapo, akiwauzia maharamia wanaoiba meli baharini na kununua watu kutoka kwa watekaji. Muuzaji wake wa jumla alikuwa Philipse wa New York. Wakati huo Fort Jesus pale Mombasa ilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Hatuzungumzii sayari nyingine. Ni maji haya haya ambayo wewe huenda kuyapigia picha Diani.

Agosti 1693 Charles ilitia nanga Sainte-Marie, na kwa bahati Baldridge baadaye alieleza chini ya kiapo meli hiyo ilibeba nini. Jozi 44 za viatu. Soksi dazeni sita. Mashati na suruali. Kofia 12. Mapipa matano ya pombe kali ya miwa, na mvinyo wa Madeira juu yake. Mapipa matatu ya baruti. Majembe dazeni tatu. Misumeno. Vifaa vya useremala. Vitabu vya katekisimu na vya kufundishia watoto alfabeti. Biblia mbili.

Na kilichorudi: vipande 1,100 vya fedha, ng'ombe 15, vyuma 57, na watu 34.

Nilipofika kwenye vifaa vya useremala nilifunga simu nikaenda nje. Hiki ndicho kisanduku, jamani. Hiki ndicho kile kisanduku cha semina, kimekua, kimepanda meli, kimezunguka Rasi ya Tumaini Jema, kimefika kwenye bahari yetu na kurudi na wanadamu 34. Na usiniambie Philipse alikuwa mbali, hakujua wakala wake anafanya nini. Katika barua kwa Baldridge alisema waziwazi kwamba faida yake kubwa iko kwa watu weusi, na kwamba biashara nyingine zote kwake ni za kando tu. Hakuficha. Sisi ndio tunaomfichia, miaka zaidi ya 300 baadaye, tena bure, bila hata kulipwa.

Wenyeji wa Sainte-Marie hawakukubali kuwa mandhari ya hadithi ya mtu. Mwaka wa 1697 waliinuka dhidi ya maharamia na kituo cha Baldridge, ambaye alikuwa amewakamata baadhi yao na kuwauza. Baldridge akaponea chupuchupu, hakurudi tena. Huko New York nako gavana mpya, Bellomont, alianza kuwabana wafanyabiashara waliokuwa wakila na maharamia, na mwaka wa 1698 Philipse akaondoka kwenye baraza la koloni, alikokaa miaka mingi akiwashauri magavana. Adhabu yake ikaishia hapo. Alistaafu na mali yake yote. Ukiiba kuku River Road unachomwa. Ukiuza watu 34 unapewa nafasi ya kupumzika.

Tena mali yenyewe haikuwa meli peke yake. Kuanzia 1672 Philipse alikuwa akinunua ardhi kaskazini mwa Manhattan, kando ya Mto Hudson, na mwaka wa 1693, mwaka uleule wa ile safari ya Sainte-Marie, ufalme wa Uingereza ukampa hati ya kuifanya yote himaya yake. Ilikuwa kama ekari 52,000, zaidi ya robo ya kaunti nzima ya Nairobi, chini ya mtu mmoja. Zamani ilikuwa nchi ya Wawecquaesgeek, mojawapo ya jamii za Walenape. Miaka ya 1643 hadi 1645 watu wa Kampuni waliwapiga vita vya kikatili, wakiwavamia usiku na kuua hata watoto. Wakati seremala wetu anaanza kununua, ardhi ilikuwa "wazi" kwa namna ambayo sisi, wajukuu wa watu walioambiwa mashamba yao yalikuwa matupu, tunaielewa bila kamusi.

Kwenye ardhi hiyo aliweka wapangaji waliomlipa kodi. Walisaga nafaka kwenye kinu chake. Na kijito kilichotenganisha Manhattan na bara, akakijengea daraja, King's Bridge, mwaka huohuo wa 1693. Hatimaye, unasema, kazi ya useremala! Ndiyo, na kila raia aliyetaka kuvuka alilipa ada. Wanajeshi wa mfalme walipita bure. Huyu mtu alikuwa ameelewa kitu ambacho hakuna fundi anayekielewa akiwa bado ameshika randa: pesa haiko kwenye kujenga daraja, iko kwenye kusimama mlangoni mwake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na naomba uishike kabla sijaendelea. Ufundi haukumtajirisha Philipse. Alitajirika siku alipoweka vifaa chini na kuanza kumiliki: kumiliki meli, kumiliki ardhi, kumiliki njia, kumiliki watu wenye ufundi. Kama unabisha, nitakuonyesha Caesar.

Philipse alifariki 1702 akazikwa chini ya sakafu ya kanisa alilojenga kwenye himaya yake, mahali panapoitwa leo Sleepy Hollow. Kwenye wosia aligawia jamaa zake ardhi, meli na watu. Kinu cha maji kwenye Mto Pocantico kikaenda kwa mwanawe Adolph, aliyefariki mwaka wa 1750 bila mtoto. Mali yake ikaandikwa kwenye orodha, na humo ndani wamo watu 23. Wanaume, wanawake, wazee wasioweza tena kazi, watoto. Kuna Dimond, mwendesha mashua, aliyejua Mto Hudson na kupeleka unga New York. Kuna Massy, kuna Abigal, kuna Dina. Na kuna Caesar, mwenye kinu.

Kuendesha kinu cha maji si mchezo. Unasoma mto. Unajua lini ufungue maji na kiasi gani. Mawe mawili ya kusagia yana uzito wa kumponda mtu, na lazima uyaache yakaribiane bila kugusana, kwa sababu yakigusana yanatoa cheche, na vumbi la unga linashika moto. Mwenye kinu hujua kwa sikio, kwa pua na kwa vidole unga ukiwa umesagika vizuri. Bila Caesar lile jengo lilikuwa banda lenye gurudumu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa himaya ile, fundi kuliko Adolph, na kwa miaka ile ya mwisho fundi kuliko mtu yeyote aliyeitwa Philipse.

Basi, kama bidii na ufundi ndivyo vinavyomtoa mtu, Caesar alikuwa wapi mwaka wa 1750? Alikuwa kwenye orodha. Gazeti la New York lilitangaza mnada: mwenye kinu, mwendesha mashua, wakulima, wanawake, wavulana, wasichana, pamoja na vyombo vya nyumba na ng'ombe walionona. Walioishi pamoja maisha yote walitawanywa kwa wanunuzi mbalimbali. Hata ujuzi wake Caesar haukumsaidia. Ulimpandisha bei tu, na bei hiyo ikaingia kwenye mfuko wa mwingine.

Najua mtatoa hoja gani, kwa sababu nimeisikia kila nikiongea habari hii. "Wacha kumhukumu, alikuwa mtu wa zama zake." Haya, twende kwenye zama zake. Mwaka wa 1688, miaka mitatu baada ya Charles kutoka Soyo na miaka mitano kabla ya kufika Sainte-Marie, wanaume wanne huko Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kupinga utumwa na kuupeleka kwa waumini wenzao wa Quaker. Germantown ilikuwa kamji ka mafundi, wengi wao wafumaji nguo waliotoka Krefeld, karibu na mpaka wa Uholanzi, wakizungumza Kiholanzi. Abraham op den Graeff, mmoja wa waliotia sahihi, alikuwa mfumaji. Hoja yao ilikuwa rahisi kiasi kwamba mtoto angeielewa: hakuna anayetaka kufanyiwa hivi, kwa nini tuwafanyie wengine? Wakauliza pia kama watu hawa hawana haki ya kupigania uhuru wao sawa na vile wengine wana haki ya kuwaweka utumwani. Waliwasilisha swali, na wakubwa wa kanisa wakalikalia.

Kwa hivyo zama zake zilikuwa na watu wawili wa kuchagua. Fundi Mholanzi wa New York na fundi msema-Kiholanzi wa Germantown, miaka ileile, bara lilelile, dini zisizopishana sana. Mmoja alipakia Biblia mbili kwenye meli ya kununulia watu. Mwingine aliifungua Biblia yake akaisoma. Na kama Abraham op den Graeff ni Mzungu mno kwako, waulize watu wa Sainte-Marie wa 1697. Nao walikuwa wa zama hizohizo, na jibu lao lilikuwa wazi.

Hoja ya pili ni ya wale marafiki zangu wa biashara: "Sawa, lakini tunaweza kuchukua mazuri, tuache mabaya." Mazuri gani? Toa mshahara wa Kampuni. Toa biashara ya Margaret. Toa watu wa Soyo na wale 34. Toa nchi ya Wawecquaesgeek, toa wapangaji, toa Dimond na Caesar. Umebaki na mtu aliyejua kupiga msumari. Ni kitu kizuri kujua kupiga msumari. Mjomba wangu anajua.

Mjomba anatengeneza vitanda Gikomba, ameanza kabla mimi sijazaliwa. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilienda na msumeno. Ameunguliwa na soko mara tatu na kila mara ameanza upya. Kama kuamka mapema kungekuwa na malipo, angekuwa na himaya kando ya Mto Nairobi. Analipa kodi ya kibanda kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Na siku ile ya semina, nikiwa nimekaa kiti cha plastiki nikipiga makofi, nilikuwa nakubali bila kujua kwamba mjomba ni mvivu. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Si kwamba nilidanganywa kuhusu Mholanzi aliyekufa zamani. Ni kwamba uongo kuhusu Mholanzi ulinifanya nimdharau mtu aliyeninunulia yunifomu.

Nilienda kumsimulia. Sikumpa hotuba, nilimpa tu hadithi, yeye akipiga randa, mimi nimekaa juu ya mbao za mvule. Nikamwambia habari ya seremala, meli, viatu, majembe, vifaa. Alipenda sana sehemu ya ufagio. Alicheka hadi akakohoa vumbi. Nilipofika kwenye wale 34 aliacha kucheka. Akauliza kama kwenye hiyo orodha majina yao yaliandikwa.

Nikamwambia hapana. Viatu viliandikwa idadi, watu wakaandikwa idadi.

Akapuliza vumbi kwenye randa, akaitazama makali yake. "Basi huyo hakuwa fundi," akasema. "Fundi hujua kila kipande kimetoka wapi."

Semina itakuja tena mtaani kwenu. Mnenaji atakuwa na suti nyingine na tajiri mwingine, pengine wa hapa hapa, pengine bado yuko hai na anagombea kiti. Atasema alianza na sifuri. Usipige makofi haraka. Inua mkono, uliza nani alimlipa mshahara wa kwanza, mali ya mke wake iliandikwa kwa jina la nani, shamba lilikuwa la nani kabla yake, na Caesar wake anaitwa nani.